Wanachuo na Amana ya Kura: Kujitenga si Uchamungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika likizo ya vyuo tulikaa na vijana wetu barazani baada ya swala ya Alasiri, katika mmoja wa misikiti ya Kunduchi Mtongani. Walikuwa wanane. Mmoja anasomea uhandisi, wawili ualimu, mmoja uuguzi, waliobaki uhasibu na sheria. Tulifurahi kuwaona, kwani wazazi wao tunawafahamu: huyu baba yake amegonga kokoto miaka yote tunayomjua, yule mama yake anakaanga samaki pale pwani. Mazungumzo yakatufikisha kwenye mambo ya mtaa na ya nchi, nasi tukawauliza maswali mepesi. Nani kati yenu anamjua kwa jina mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake? Wakajitokeza wawili. Nani amewahi kuhudhuria mkutano wa mtaa? Hakuna. Nani ameandikishwa katika kituo ambacho ataweza kukifikia siku ya uchaguzi? Mmoja, naye alikiri kuwa kadi yake imepotea na hajaifuatilia.

Tulipouliza sababu tulipewa majibu matatu. Wa kwanza alisema kuwa siasa ni uchafu na demokrasia ni mfumo wa makafiri, kwa hiyo Muislamu hahusiki nayo. Wa pili alisema kuwa kura haina maana kwa sababu mshindi hujulikana kabla ya siku yenyewe. Wa tatu alisema kuwa yeye ni mtu wa vitabu, na mambo ya mtaa ni ya wazee na ya watu wasio na kazi. Majibu haya si ya vijana wanane wa Kunduchi peke yao. Tumeyasikia Tegeta, tumeyasikia Temeke na Mbagala, na tumeyasikia yakirudiwa kwa sauti kubwa na watu wazima ambao walipaswa kuyasahihisha. Kwa kuwa yanasemwa hadharani, tumeona ni wajibu kuyajibu hadharani.

SHUBHA YA KWANZA: "MUISLAMU HAHUSIKI"

Tunaanza na jibu hili kwa sababu limevaa kanzu ya dini, na kosa lililovaa kanzu ya dini ni gumu kuvuliwa kuliko kosa lililo tupu. Tunakiri kwanza kwamba wapo wanazuoni waliokataza kushiriki katika chaguzi za namna hii, na lengo lao lilikuwa kulinda itikadi. Hatuwakejeli. Lakini wapo wanazuoni wengine, nao si wachache wala si wadogo, walioitazama kura kwa kiini chake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, alieleza kuwa kura ina sura tatu: ni ushahidi, ni uombezi na ni uwakilishi. Anayempigia mtu kura anashuhudia kuwa mtu huyo anafaa, anamwombea nafasi, na anamfanya wakili wake na wa watu wengine. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, naye aliihesabu kura kuwa ni ushahidi.

Ikiwa kura ni ushahidi, basi tuulizane hukumu ya mwenye ushahidi. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, Mwenyezi Mungu amekataza kuficha ushahidi na akaueleza moyo wa mwenye kuuficha kuwa ni wenye dhambi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zifikishwe kwa wanaostahiki, na katika aya ya 135 ya sura hiyo hiyo ameamrisha waumini wasimame na uadilifu na kuutolea ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zao na wazazi wao. Kijana anayemjua mgombea mwadilifu na mgombea mla rushwa, kisha akalala siku ya uchaguzi, hajabaki msafi kama anavyodhani. Ameulizwa akanyamaza.

Wanaosema kuwa mwenye dini hagusi utawala usio wa Kiislamu tunawakumbusha habari ya Nabii Yusuf (a.s), ambaye yeye mwenyewe aliomba akabidhiwe hazina za Misri, chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa kuwa alijijua kuwa ni mlinzi na ni mjuzi, na kwa kuwa miaka ya njaa ilikuwa inakuja. Tunawakumbusha pia Hilful Fudhuul, ule mkataba uliofungwa Makka nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an ili kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Mtume wetu (s.a.w) aliushuhudia kabla ya kupewa utume, na baada ya kupewa utume alisema kuwa lau angeitwa tena kwenye mkataba wa namna ile angeitika. Waliofunga mkataba ule hawakuwa Waislamu. Uadilifu ndio uliompendeza.

Na mashauriano si jambo tuliloazima Ulaya. Alipofariki Sayyidna Umar (r.a), Abdulrahman bin Auf alizunguka Madina kwa siku tatu akiwauliza watu nani awe khalifa, na wanahistoria wetu wamesimulia kuwa aliwafikia hata wanawake majumbani mwao. Binti zetu walioko vyuoni na wayazingatie hayo. Suratul Mumtahana, aya ya 12, imeweka wazi kuwa wanawake walimpa Mtume ahadi ya utii kwa nafsi zao, haikutolewa na waume zao kwa niaba yao.

Tukiacha dalili hizo, tumwangalie kijana mwenyewe anayedai kuwa hahusiki. Ana kitambulisho cha taifa mfukoni. Anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Akipanda daladala kwenda Mwenge anapita kwenye barabara ya umma. Akiugua anakwenda hospitali ya serikali. Akihitimu ataomba ajira serikalini, na hapo hutamsikia akisema kuwa huo ni mfumo wa makafiri. Amepokea kila kinachotoka kwenye mfumo, akakataa kitu kimoja tu, nacho ni kile kinachomtaka yeye atoe: ushahidi wake. Huu si uchamungu. Ni uvivu uliotafutiwa aya.

RIBA ILIYOAMULIWA TUKIWA TUMELALA

Kuna jambo ambalo lingetosha peke yake kuwaamsha wanachuo wa Kiislamu. Kwa miaka kadhaa mikopo ya elimu ya juu ilitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mhitimu alikuwa analipa, na akiangalia deni lake analikuta halipungui ipasavyo. Wengi wenu mliilalamikia tozo ile misikitini, mkasema inanuka riba, na sisi tuliwaelewa. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria ya Bodi ya Mikopo, na makato ya mhitimu aliyeajiriwa yakawekwa kuwa asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8 ya awali. Waliopiga kura ya kukubali marekebisho yale walikuwa wabunge, na wabunge wale walichaguliwa mwaka 2015 na watu waliokwenda vituoni. Ninyi mliokuwa mkibishana barazani iwapo kura ni halali au haramu hamkuwakilishwa na ubishi wenu. Makato yaliwafikia wote, aliyepiga kura na asiyepiga.

Tozo ile ya asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021. Haikuondoka kwa kuchukiwa kimyakimya. Iliondoka baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wanufaika na ya wafanyakazi, watu waliozungumza kwenye vikao, wakaandika, wakauliza, wakarudia kuuliza. Mwanachuo wa Kiislamu anayeichukia riba alipaswa kuwa mstari wa mbele katika jambo hilo, kwa sababu wengine waliliona kuwa ni mzigo wa fedha tu, na yeye alijua kuwa ni zaidi ya hapo.

Tutoe mfano wa pili, ulio karibu zaidi na nyumbani. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Manispaa ya Kinondoni inahusika, manispaa ya Temeke inahusika. Sisi tunaohubiri kila Ijumaa dhidi ya riba, ni vikundi vingapi vya vijana wa misikiti yetu vimesajiliwa ili kuomba fedha hizo? Ni diwani gani tumemkalisha chini tukamuuliza zimekwenda wapi? Kijana anakopa kwa riba mtaani huku mkopo usio na riba, aliouwekewa na sheria, unachukuliwa na anayejua njia ya kwenda ofisi ya kata.

SHUBHA YA PILI: "KURA HAINA MAANA"

Jibu hili tunalichukulia kwa heshima zaidi, kwani wanaolitoa wana ushahidi mkononi, nasi hatutawafanya watoto.

Mwaka 2010 wanachuo wengi waliandikishwa wakiwa vyuoni. Uchaguzi ukafanyika tarehe 31 Oktoba, na vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi. Aliyeandikishwa Mlimani akajikuta yuko Tanga, Kilwa au Kigoma, na kadi yake haikumfaa kitu. Mwaka ule, kati ya watu zaidi ya milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa takriban milioni 8.6, yaani asilimia 43 hivi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa, na malalamiko ya kuenguliwa yakasikika tena katika uchaguzi wa mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. Tume ilitangaza kuwa asilimia 87 ya walioandikishwa walipiga kura na kwamba mshindi wa urais alipata zaidi ya asilimia 97. Chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura na kiongozi wake alikuwa mahabusu. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, walisema katika taarifa yao ya awali kuwa katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia. Maandamano yalizuka, watu waliuawa, intaneti ilizimwa, na hapa Dar es Salaam ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Vyuo vilivyokuwa vifunguliwe mwanzoni mwa Novemba vikaahirishwa.

Hatuwezi kusimama mbele ya kijana aliyeyaona hayo, huenda amemzika rafiki yake, tukamwambia kuwa kila kitu ni shwari, nenda kapige kura. Huo ungekuwa uongo, na uongo ukitoka msikitini ni mbaya maradufu. Damu ya mtu ni nzito mbele ya Mwenyezi Mungu, na wanaodai haki kwa ajili ya waliouawa wanadai jambo la wajibu. Tunachokataa ni hitimisho linalotolewa: kwamba kwa kuwa mlango umebanwa, basi tuondoke kwenye nyumba.

Wazee wetu wa mji huu walikutana na mlango uliobanwa kuliko huu. Mwaka 1958 Waingereza walileta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mzungu mmoja, Muhindi mmoja na Mwafrika mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa ndio karibu wakazi wake wote. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura; yaliwekwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Ilikuwa ni dharau iliyoandikwa kuwa sheria. Mwezi Januari mwaka huo TANU ilikutana Tabora ikajadili: tususie au tushiriki? Waliotaka kususia hawakuwa wajinga wala wasaliti. Zuberi Mtemvu alikuwa miongoni mwa waliokataa, akajitoa na kuunda chama chake. Mkutano uliamua kushiriki, na katika uchaguzi ule uliofanyika kwa awamu, mwaka 1958 na 1959, wagombea wa TANU na wale waliowaunga mkono walishinda. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Kumbukeni ni nani walioibeba harakati ile katika mji huu. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally. Dossa Aziz. Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mkubwa. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed, aliyewatoa wanawake majumbani wakajaa viwanjani. Wengi wao hawakuwa na shahada. Hawakusubiri uwanja uwe sawa ndipo wacheze. Waliingia uwanjani ili wausawazishe. Tunajua pia kwamba baadhi yao hawakutendewa haki baadaye, na Sheikh Takadir alifukuzwa chamani mwaka huo huo wa 1958. Hilo halifuti hoja. Linatufundisha kuwa anayeshiriki inampasa aendelee kushiriki baada ya ushindi, kwa sababu meza ikiachwa wazi hukaliwa na mwingine.

Tuongeze tofauti moja ambayo vijana wetu wanaichanganya. Kususia ni uamuzi: watu hukutana, hushauriana, hutangaza sababu zao na kubeba gharama yake. Kulala nyumbani si kususia. Asiyejua kituo chake kiko wapi hawezi kudai kuwa amekisusia. Na aliyesusia kwa hoja haachi uwanja. Huenda mahakamani, hudai katiba mpya, huweka kumbukumbu ya aliyoyaona, huitwa kwenye tume akaenda kusema.

Tutazame majirani. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2022 idadi ya vijana walioandikishwa kupiga kura ilishuka ikilinganishwa na mwaka 2017. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa kama asilimia 40 ya daftari. Bunge lililopatikana ndilo lililopitisha Muswada wa Fedha wa mwaka 2024. Vijana wakaingia barabarani mwezi Juni, makumi wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia saini muswada ule. Ujasiri wao haupingiki. Lakini ni mzazi gani asiyetamani kwamba ushindi ule ungepatikana kwa karatasi badala ya majeneza? Ushiriki wa mapema ni nafuu kuliko ushiriki wa kuchelewa.

SHUBHA YA TATU: "MIMI NI MTU WA VITABU"

Huyu wa tatu ndiye anayetusikitisha zaidi, kwani hana hata kisingizio cha dini wala cha uchungu. Ana kiburi tu.

Tunamuuliza: ulipoomba mkopo wa kusoma, fomu yako ilikwenda kugongwa muhuri na nani? Ulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, ukasimama mbele ya kiongozi ambaye hukumchagua, hukumjua na ulimdharau, ukamwita "mheshimiwa". Umefika chuoni kwa muhuri wa mtaa, leo mtaa umekuwa mdogo kwako.

Wanachuo waliokutangulia hawakuwa hivyo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakafukuzwa zaidi ya 300. Mwezi Machi 1978 waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na viongozi, wakafukuzwa mamia. Unaweza kuwakosoa wa mwaka 1966 kuwa walijitetea wenyewe, na wengi wamewakosoa. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa walikuwa hawapo. Kizazi kile hakikuwa hata na vyama vya kuchagua, kwani mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992 tu. Ninyi mnavyo, na mnayo simu mkononi inayosoma sheria zote za nchi, kisha mnasema hamna muda.

Na Kunduchi inawahitaji. Huu si mji wa jana. Pale kwenye magofu upo msikiti wa mawe wa karne kadhaa zilizopita na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China. Waislamu walioishi hapa walijenga na walifanya biashara na ng'ambo. Sisi warithi wao tunaiona bahari ikila ufukwe mwaka hadi mwaka. Tunawaona wachimbaji wakitoa mchanga kwenye mito, na wataalamu wamekwisha kueleza kuwa mchanga huo ndio uliokuwa ukiulisha ufukwe. Tunawaona kinamama wa kokoto wakifanya kazi juani bila kinga ya macho wala ya mapafu. Chuo Kikuu kina kituo cha masomo ya bahari papa hapa Kunduchi. Maarifa yapo hatua chache kutoka msikitini. Lakini unapoitwa mkutano wa mtaa kuzungumzia mchanga, anayesimama ni mwenye lori, na mhandisi wetu yuko chumbani anaangalia mpira.

TUNACHOWATAKA MFANYE

Hoja bila kazi ni kelele. Kwa hiyo tunayaweka mambo haya mbele yenu.

Kwanza, jiandikisheni mahali ambapo mtakuwepo, si mahali ambapo mko siku hiyo. Huu ndio mtego uliowanasa wa mwaka 2010, na bado upo. Kwa uchaguzi wa mwaka 2025 uboreshaji wa daftari hapa Dar es Salaam ulifanyika mwezi Machi, wakati wanachuo wako bwenini. Uchaguzi ukaja Oktoba, wakati wako kwao. Sheria inamruhusu mpiga kura aliyehama kuhamisha taarifa zake. Itumieni. Na daftari la awali linapobandikwa, nendeni mkalisome, muone kama jina lenu limo na kama majina ya marehemu yameondolewa.

Pili, fahamuni kuwa madaftari ni mawili. Kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haikuingizi kwenye uchaguzi wa serikali ya mtaa. Orodha ya mtaa huandikwa peke yake, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Wengi walikwenda kituoni na kadi zao mkononi wakarudishwa. Uchaguzi wa mitaa unaofuata, kwa mzunguko wa miaka 5, ni mwaka 2029, na uchaguzi mkuu ni mwaka 2030. Atakayekuwa na miaka 18 wakati huo leo yuko kidato cha kwanza au cha pili. Mfundisheni sasa.

Tatu, hudhurieni mikutano ya mtaa, na mkifika ulizeni mapato na matumizi. Ulizeni kwa adabu, kwa karatasi, na kwa kurudia. Kiongozi anayejua kuwa ataulizwa huhesabu fedha mara mbili.

Nne, sajilini vikundi, ombeni ile asilimia 4 ya vijana isiyo na riba, na wenye taaluma ya uhasibu wawafundishe wenzao kuandika vitabu vya kikundi.

Tano, mwenye uwezo na uadilifu agombee. Umri wa kugombea katika mtaa ni miaka 21. Tumechoka kulalamikia viongozi wabovu huku wema wetu tumewafungia msikitini.

Hatuwaambii mchague chama gani. Mimbari si jukwaa la kampeni, na imamu anayeikodisha kwa mgombea ameuza kisicho chake. Tunawaambia mchague mtu kwa uadilifu wake na uwezo wake, awe wa dini yenu au asiwe, na mumkatae dhalimu hata kama anasali safu ya mbele. Wala hatumruhusu yeyote kuitumia makala hii kuchochea fujo. Mali ya jirani na uhai wake ni haramu kabla ya uchaguzi na baada yake. Katazo hilo linamhusu mwenye jiwe, na linamhusu zaidi mwenye bunduki.

LAWAMA YETU WENYEWE

Tumewasema vijana, inatupasa tujiseme na sisi. Ni sisi wazee tuliowaambia kuwa mtoto mwema ni yule asiyejiingiza. Ni sisi tuliozifanya kamati za misikiti kuwa milki za watu wachache, zisizofanya uchaguzi, zisizosoma hesabu mbele ya jamaa, kisha tukashangaa kijana hajui kura ni nini. Angelijuaje? Shule yake ya kwanza ya shura ilikuwa msikiti, na msikitini hakuiona. Msikiti unaotaka wanachuo wake wadai hesabu kwa diwani na uanze kwa kubandika hesabu zake ukutani.

Basi tunawaomba maimamu wa Kunduchi, Kinondoni na Temeke, kila likizo ya vyuo, watenge jioni moja baada ya Alasiri, wakae na wanachuo wao, wawaulize maswali yale yale tuliyowauliza wanane wetu. Watakaoshindwa kujibu wasigombezwe. Wapelekwe ofisi ya mtaa kesho yake asubuhi.

Wale vijana wetu tuliwapeleka. Walikwenda sita. Mwenyekiti alishangaa, akauliza kama kuna tatizo. Binti anayesomea sheria akamjibu: "Hakuna tatizo, mzee wetu. Tumekuja kukufahamu, na kuuliza mkutano wa mtaa ni lini."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa haki, aziweke amana mikononi mwa wanaostahiki, awarehemu waliotangulia kwa dhulma, na azilinde nyumba zetu na mtaa wetu. Wabillahi tawfiq.